KRb, RbCs, NaK, NaCs au CaF? Ulinganisho wa koherensi kwa anayechagua molekuli ya tasnifu akiwa Dar

Mwanafunzi wa fizikia pale Mlimani akianza kusoma kuhusu molekuli za baridi kali, majina matano humjia mapema: KRb (potasiamu na rubidiamu), RbCs (rubidiamu na siziamu), NaK (sodiamu na potasiamu), NaCs (sodiamu na siziamu) na CaF (kalsiamu floridi). Makala za utafiti hazimsaidii sana kuchagua, maana kila kundi linavutia kwake. Hii imedumu sekunde kadhaa, ile imefungamanishwa na jirani yake (hali zao za kwanta zimefungwa pamoja), nyingine imepozwa hadi ikawa kondensati, yaani molekuli zote ndani ya hali moja ya kwanta. Msomaji mwenye haraka huokota ile yenye sekunde nyingi zaidi, akaona kazi imeisha.

Mimi msimamo wangu nautoa mapema. Sekunde za koherensi (muda ambao hali ya kwanta hudumu bila kuvurugika) peke yake hazichagui molekuli. Uliza kwanza sekunde hizo ni za hali ipi ndani ya molekuli, halafu zidisha kwa kasi ambayo molekuli mbili huathiriana. Ukifanya hivyo mpangilio wa washindi unabadilika, na unabadilika sana.

Kwa anayebaki Dar akiwa na kompyuta mpakato na msimamizi mwenye subira, RbCs ndiyo ningempa. Anayetafuta nafasi ya maabara ng'ambo aangalie CaF na NaCs. KRb ni ya mtu ambaye moyo wake uko kwenye kemia. NaK nitaipitia kwa haraka.

Koherensi inapoteaje

Jumamosi alfajiri njia ya Coco Beach hujaa vikundi vya jogging: fulana za rangi moja, kiongozi anaimba, wote wanaitikia na miguu inagonga chini kwa pamoja. Mnyamazishe kiongozi. Mmoja yuko kwenye lami, mwingine ameangukia pembeni kwenye mchanga, wa tatu anapanda kidogo. Hakuna aliyeanguka wala aliyeacha kukimbia, lakini baada ya muda hatua zimetawanyika na ule mshindo mmoja haupo tena. Koherensi ya kundi la molekuli hupotea hivyohivyo. Kila molekuli bado ni nzima, ila fezi zao hazilingani.

Sasa piga kipyenga katikati ya safari: wote wageuke, kila mtu arudi alikopita kwa mwendo wake uleule. Aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma, na wote wanafika mstarini pamoja. Mbinu hiyo maabara huiita mwangwi wa spini, na hufanywa kwa pigo moja la mikrowevu katikati ya kipimo. Inaponya tofauti zisizobadilika tu. Bodaboda ikikatiza katikati ya kundi wakati wa kurudi, kipyenga hakisaidii kitu.

Kwa molekuli, ardhi yenyewe ni mwanga. Molekuli hushikwa kwa leza, ama ndani ya kibano cha mwanga kinachobeba molekuli moja moja, ama kwenye kimia cha mwanga chenye vishimo vingi. Molekuli ya atomu mbili ni ndefu kama fimbo, hivyo mwanga huivuta kwa nguvu tofauti kutegemea imeelekea wapi. Ikiwa kwenye ngazi ya chini kabisa ya mzunguko (N=0) haina mwelekeo wowote unaopendelewa. Ikipanda N=1 mwelekeo upo. Kwa hiyo leza ileile husukuma ngazi hizo mbili kwa viwango viwili, na kwa kuwa ukali wa mwanga haulingani kila mahali, kila molekuli inapata saa yake.

Kuna dawa mbili zinazotajwa sana. Ya kwanza ni kuupanga uga na mwelekeo wa mtetemo wa mwanga kwa pembe ya nyuzi 54.7, ambako 3cos²θ − 1 huwa sifuri na tofauti kubwa inajifuta. Masalia hubaki. Ya pili ni kutafuta urefu wa wimbi ambao ngazi zote mbili huvutwa sawasawa. Kwa RbCs upo, karibu na nanomita 1,145, na ndio uliobadilisha hadhi ya molekuli hiyo.

Sekunde za hali ipi?

Hapa ndipo wengi huchanganya maembe na machungwa kwenye kikapu kimoja. Ndani ya molekuli moja kuna angalau sehemu mbili za kuhifadhi habari za kwanta.

Sehemu ya kwanza ni spini za viini vya atomu, yaani usumaku mdogo wa kila kiini. Zimejificha ndani, mwanga wa mtego hauzigusi sana, hivyo hudumu. Mwaka 2017 kundi la Martin Zwierlein kule MIT liliripoti takriban sekunde 0.7 kwa NaK. Mwaka 2021 kundi la Simon Cornish, Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, likaonyesha kwamba kwa RbCs zinapita sekunde 5.6. Takwimu hizo zinapendeza kwenye wasilisho la semina. Tatizo ni kwamba spini ya kiini cha molekuli moja karibu haijui kwamba jirani yupo. Ni ghala la kuhifadhia habari. Huwezi kukokotoa chochote ndani yake bila kutoka nje.

Sehemu ya pili ni mzunguko wa molekuli yenyewe. Hapa ndipo dipoli (mwachano wa chaji chanya na hasi ndani ya molekuli, unaopimwa kwa debye) inapofanya kazi, na hapa ndipo molekuli mbili huathiriana zikiwa mbali. Wazo la kutumia dipoli za molekuli zilizonaswa kwa ukokotoaji wa kwanta lilitolewa na David DeMille mwaka 2002, na kazi nyingi za leo ni matunda yake. Lakini mzunguko ndio unaoumizwa na mwanga. Garching, Ujerumani, mwaka 2018, walipata milisekunde 8.7 kwa NaK. Harvard mwaka 2021 walipata milisekunde 93 kwa CaF ndani ya vibano, na 470 walipotumia mwangwi wa spini. Durham mwaka 2024 wakatoka na RbCs: sekunde 0.78, na zaidi ya 1.4 kwa mwangwi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "molekuli yangu inadumu sekunde tano", muulize ni ghalani au ni uwanjani.

Tano kwa mkupuo

| Molekuli | Dipoli (debye) | Kutoka N=0 hadi N=1 (gigahezi) | Hali ndogo kwenye N=0 | Mbili zikigongana |
|---|---|---|---|---|
| KRb | 0.57 | 2.2 | 36 | zinaungua kemikali (zinamenyuka) |
| RbCs | 1.2 | 0.98 | 32 | hazina nishati ya kuungua |
| NaK | 2.7 | 5.6 | 36 | hazina nishati ya kuungua |
| NaCs | 4.6 | 3.5 | 32 | hazina nishati ya kuungua |
| CaF | 3.07 | 20.5 | 4 | zinaungua kemikali |

Safu ya nne inatokana na spini tu. Rb-87 ina spini ya 3/2, yaani hali 4. Cs-133 ina 7/2, yaani hali 8. Zidisha upate 32. K-40 ina spini ya 4, ndiyo maana KRb na NaK zina 36. CaF ni tofauti kwa tabia: kiini cha Ca-40 hakina spini, floridi ina 1/2, lakini kuna elektroni moja isiyo na mwenza, nayo inaleta hali 2 zaidi na usumbufu wake kwenye uga wa sumaku.

Safu ya mwisho isikudanganye. "Hazina nishati ya kuungua" ilitarajiwa kumaanisha kwamba zitaishi pamoja kwa amani. Haikuwa hivyo. Hata RbCs na NaK zilizosongamana zilipotea, kwani molekuli mbili zikigusana hung'ang'aniana kwa muda kama kitu kimoja cha atomu nne, na mwanga wa mtego huweza kukipiga kitu hicho kikasambaratika. Suluhisho lililokuja ni kuzuia mguso wenyewe: ama kila molekuli kwenye kibano chake, ama kinga ya mikrowevu inayozifanya zisukumane kabla hazijakaribiana.

Zidisha uone

Nguvu kati ya dipoli mbili za debye 1, zikiwa umbali wa mikroni 1, ukiigeuza kuwa masafa ni hezi 151. Namba hiyo ishike. Kwa kubadilishana mzunguko kati ya N=0 na N=1 kinachohusika ni d/√3, hivyo unapiga dipoli kipeo cha pili, unazidisha kwa 151, unagawanya kwa 3. Pembe ya uga nitaiacha pembeni kwa kuwa ni ileile kwa wote.

KRb inapata hezi 16. RbCs 72. NaK 367. CaF 474. NaCs inaruka hadi 1,065, kwa sababu dipoli inaingia kwa kipeo cha pili na hapo hakuna wa kuifukuza.

Zidisha sasa kwa muda wa koherensi ya mzunguko, upate ni mara ngapi molekuli mbili zinaweza kubadilishana habari kabla hazijasahau. NaK, milisekunde zake 8.7, inapata mara 3. CaF bila mwangwi inapata 44, RbCs inapata 56. Zikitumia mwangwi, RbCs inagonga 100 na CaF inavuka 220. Umeona? Yenye sekunde nyingi imepitwa na yenye sekunde chache, kwa kuwa ile ya pili ina nguvu zaidi ya kumfikia jirani. Na NaCs inahitaji koherensi ya milisekunde 53 tu kufikia 56 ya RbCs.

Mikroni 1 ni umbali wa kulinganishia, nimeuchagua mimi. Kwenye vibano molekuli huwa mbali zaidi, kwenye kimia huwa karibu zaidi, na umbali ukiongezeka maradufu nguvu hushuka mara 8. Mpangilio wa wagombea hauguswi, ila namba zenyewe zitasogea, na mtahini makini atakuuliza hilo kwanza.

KRb na RbCs: mkongwe na mtulivu

KRb ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2008, kwenye taasisi ya JILA mjini Boulder, Marekani, kundi la Deborah Jin na Jun Ye lilichukua atomu za potasiamu na rubidiamu zilizokwisha kupozwa, likaziunganisha kwa kuvusha uga wa sumaku kwenye resonansi ya Feshbach (thamani ya uga ambapo atomu mbili hushikana) karibu na gausi 546, kisha likazishusha kwa leza mbili hadi ngazi ya chini kabisa ya mtetemo na mzunguko. Jotoridi lilikuwa mamia ya nanokelvini. Ukilinganisha na mchana wa kawaida wa Dar, wa kelvini 303 hivi, ni karibu mara bilioni moja chini.

Baada ya hapo KRb ikajionyesha rangi yake: molekuli mbili zikikutana zinatoa K₂ na Rb₂. Kwa mtaka ukokotoaji hiyo ni hasara. Kwa mtaka kemia ni dhahabu, maana kwa mara ya kwanza kwenye baridi kali kiasi hicho mmenyuko wa kemikali uliweza kuongozwa kwa kuchagua hali moja ya kwanta. K-40 ni fermioni, na fermioni zinazofanana kabisa hukwepana kwenye baridi hiyo, hivyo kubadilisha spini ya kiini tu kunabadilisha kasi ya mmenyuko kwa kiasi kikubwa. Harvard, kundi la Kang-Kuen Ni, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 walikiona kile kitu cha kati cha atomu nne, na mwaka 2024 wakaonyesha kwamba koherensi ya spini za viini huweza kuvuka mmenyuko na kuonekana kwenye mazao yake. Binafsi sijaona tokeo la kusisimua zaidi kwenye fani hii yote. Ukiwa na mwelekeo wa kemia, usisikilize ninayosema kuhusu RbCs, ifuate KRb.

RbCs haina tamthilia hiyo. Ilifikishwa ngazi ya chini mwaka 2014, Innsbruck na Durham, na dipoli yake ni ya wastani tu. Inachokupa ni utulivu: ghala la zaidi ya sekunde 5, mzunguko wa karibu sekunde, na sasa ufungamano. Mwaka 2025 Durham walichapisha molekuli mbili za RbCs zilizofungamanishwa ndani ya vibano vya ule urefu wa wimbi wa nanomita 1,145, kwa ubora wa takriban asilimia 92. Pia, na hili kwa mwanafunzi wa hapa lina uzito mkubwa, viwango vya ndani vya RbCs vimepimwa kwa makini sana na vigezo vyake vimechapishwa. Hutaanza kwa kubahatisha.

NaK kwa ufupi

NaK ilitangulia kwenye sekunde za spini, na Garching mwaka 2022 waliipoza kwa kinga ya mikrowevu hadi chini kabisa ya jotoridi ambalo fermioni huanza kubanana. Ni molekuli nzuri kwa anayependa gesi za fermioni. Kwa swali letu la mzunguko, NaCs ina dipoli kubwa zaidi na RbCs ina muda mrefu zaidi, kwa hiyo NaK imekaa katikati bila sababu ya kutosha ya kuichagua wewe uliye mwanzoni.

NaCs na CaF: uchaguzi wa wanaoenda maabara

Hizi mbili hutofautiana toka jikoni. NaCs huundwa kutokana na atomu zilizopozwa kwanza, njia ileile ya KRb. CaF hupozwa yenyewe, kama molekuli, kwa leza moja kwa moja.

Njia ya CaF kwa miaka mingi ilionekana haiwezekani. Atomu hupozwa kwa kupigwa na fotoni maelfu kwa maelfu, kila moja ikipunguza mwendo kidogo, na kila mara atomu irudi pale pale ilipoanzia. Molekuli, kwa kuwa inatetema, hurudi kwenye ngazi nyingine ikawa haioni tena leza. CaF ni miongoni mwa chache zenye bahati: elektroni inayofanya kazi imekaa upande wa kalsiamu na haishiki sana kifungo cha atomu mbili, hivyo mara nyingi mtetemo haubadiliki. Leza kuu ni ya nanomita 606, na zile chache zinazopotea hurudishwa kwa leza nyingine, ya kwanza ikiwa ya nanomita 628. DeMille na wenzake, Yale, ndio walioonyesha mwaka 2010 kuwa molekuli zinapozeka hivyo, wakitumia SrF (stronshiamu floridi). Mwaka 2017 Imperial College, London, waliishusha CaF hadi sehemu 50 za milioni ya kelvini moja, yaani mikrokelvini 50. Hiyo bado ni joto kali ukiweka kando ya NaCs.

NaCs yenyewe, chini ya Sebastian Will kule Columbia, New York, ilifika kondensati ya Bose-Einstein mwaka 2024, karibu na nanokelvini 6, ikiishi takriban sekunde 2. Ilisubiriwa tangu ile KRb ya 2008. Na Harvard mwaka huohuo wakatoa lango la kwanta (hatua ya msingi ya ukokotoaji) kati ya molekuli mbili za NaCs kwenye vibano, ufungamano ukiwa na ubora wa asilimia 94. CaF ilikuwa imeshatangulia kwenye ufungamano: Desemba 2023, Princeton na Harvard walichapisha siku moja, kila kundi kwa vifaa vyake.

Kwa hiyo nani achukue ipi? NaCs inataka mashine mbili za kupoza atomu zinazofanya kazi pamoja, uga wa sumaku uliotulia kupita kiasi, na leza zilizofungwa kwenye masafa bila kuyumba. Mwanafunzi anarithi mashine kubwa iliyojengwa na waliotangulia, na mwaka wake wa kwanza huenda ukaisha akiwa anajifunza kuiwasha. CaF ina leza nyingi lakini kila hatua inaonekana, kila molekuli inang'aa inapopigwa mwanga, na unaweza kuiona kwa kamera bila kuivunja. NaCs na ndugu zake kwa kawaida hulazimika kurudishwa kuwa atomu kwanza ndipo zionekane. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika kioo cha leza, na wengi wetu tunaotoka hapa hatujawahi, CaF inafundisha haraka zaidi. Kwa mtu anayetaka nguvu kubwa kati ya molekuli na yuko tayari kusubiri, NaCs.

Je, uchukue molekuli kweli?

Msomaji mjanja atakuwa ameshajiuliza hili. Ukitaka muda mrefu tu, ioni zimeshinda. Ioni moja ya iterbiamu, Beijing, mwaka 2021, ilikadiriwa kushika koherensi zaidi ya saa nzima. Atomu za siziamu 6,100 kwenye vibano, Caltech, zilichapishwa mwaka 2025 zikiwa na koherensi ya sekunde 12.6. Malango ya atomu za Rydberg (zenye elektroni iliyopandishwa mbali sana na kiini) yalifika asilimia 99.5 kule Harvard mwaka 2023. Molekuli kwa asilimia 94 bado zinapanda ngazi. Anayetaka ajira kwenye kampuni za kompyuta za kwanta ningemwambia waziwazi achukue atomu au ioni.

Molekuli zina kitu ambacho atomu hazina. Atomu ili ziathiriane mbali inabidi zipandishwe hali ya Rydberg, ambayo hujiangusha yenyewe ndani ya mikrosekunde mia moja hivi. Molekuli ya RbCs iliyo N=1, ikiachwa gizani bila mionzi ya joto, ingehitaji maelfu ya miaka kushuka yenyewe. Dipoli iko hapo wakati wote. Na ndani ya molekuli moja kuna ngazi nyingi za kutumia kwa pamoja, si mbili tu. Kwa anayetaka kuiga sumaku za kwanta na mifumo ambayo kompyuta za kawaida zinashindwa, hilo ni jambo kubwa.

Kuna wanaotafuta kitu kingine kabisa, kama umbo la elektroni. Hao hakuna hata moja kati ya tano hizi inayowafaa. Waende kwenye ioni za molekuli za HfF⁺, ambazo JILA walizitumia mwaka 2023 kuweka kikomo kikali zaidi cha dipoli ya umeme ya elektroni, wakipima koherensi ya hadi sekunde 3.

Ukiwa Dar

Maabara ya namna hii hapa kwetu leo tuiweke pembeni. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, vioo havipendi. Chumba kinatakiwa jotoridi lisilocheza mchana na usiku. Pampu za ombwe hazitaki umeme unaopepesuka. Linalowezekana ni nadharia na hesabu za kompyuta, na hapo tofauti kati ya molekuli hizi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chukua RbCs. Ukiweka ngazi za mzunguko kuanzia N=0 hadi N=3, una hali 1 + 3 + 5 + 7, jumla 16, mara 32 za spini, unapata matriksi ya 512 kwa 512. Namba changamano zake zinakaa kwenye megabaiti 4. Kompyuta mpakato yoyote ya Kariakoo inaimaliza kabla hujafunga dirisha la chumba, unaweza kuirudia kwa kila thamani ya uga wa sumaku na kila pembe ya leza, na ukapata mwenyewe zile nyuzi 54.7. Programu huria zipo: Diatomic-Py iliandikwa na watu wa Durham kwa ajili ya molekuli za aina hii hasa, na QuTiP inashughulikia mwendo wa hali za kwanta kwa wakati. Zote ni za Python na hazidai leseni ya malipo. Pakua mara moja ukiwa na intaneti nzuri, bando likiisha unaendelea na kazi.

CaF kwa muundo wa ngazi ni ndogo zaidi, 16 mara 4, yaani 64 tu. Lakini ukitaka kuelewa kupozwa kwake inabidi uingize hali 12 za N=1, hali 4 za juu, mwanga wenye pande zote za mtetemo na uga wa sumaku unaobadilika na mahali. Ni tasnifu ya uzamili yenye jasho, na msimamizi asiyeifahamu fani atapata shida kukuokoa ukikwama.

Mada ya tatu, ya molekuli nyingi pamoja, haijali sana jina la molekuli. Ukichukua hali mbili kwa kila moja, molekuli 20 ni hali 1,048,576, na kompyuta mpakato inaweza ikiwa utatumia matriksi tupu-tupu (zinazohifadhi namba zisizo sifuri tu). Molekuli 30 ni zaidi ya bilioni moja, usijaribu. Hapo vishimo vitupu kwenye kimia ndivyo vinavyoleta swali zuri: molekuli zikikosekana hapa na pale, kubadilishana mzunguko kunachelewa kiasi gani? Kundi la JILA lilichapisha kipimo cha kubadilishana huko kwa KRb mwaka 2013, kwa hiyo una cha kulinganisha nacho.

Kwa hatua inayofuata, watu wa hapa huangalia Trieste, Italia, kwenye kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, chenye diploma ya mwaka mmoja kwa wanaotoka nchi kama zetu. Kigali ni karibu zaidi, kuna tawi la kituo hichohicho tangu 2018. Mwombaji mwenye hesabu aliyoifanya mwenyewe, hata ndogo, ana la kuandika kwenye barua yake zaidi ya mwenye orodha ya makala alizosoma.

Kama umeshachagua RbCs, anza na N=0 na N=1 tu, matriksi ya 128 kwa 128, bila uga wowote. Pengo kati ya ngazi hizo mbili lazima lije karibu gigahezi 0.98. Likija 0.49, umeweka B (kigezo cha mzunguko cha molekuli) mahali pa 2B, ambayo ndiyo pengo lenyewe.